Hodi Kwenye Sayari ya Watu

Mimi nimeendesha chombo cha angani. Sitanii. Nilikuwa nahodha, chombo kikaanguka, na niliokuwa nao wote wakatoka wazima. Chombo chenyewe ni nyumba yangu hii hii ya Kariakoo, vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, na ghorofa zimeizunguka pande zote kama watu wanaochungulia sufuria ya mwenzao.

Aliyeileta kazi hiyo ndani ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Alikuwa anauza vitambaa kwenye duka la mtu mtaa wa pili, na akirudi jioni anakaa na simu yake anakata picha na kuziunga. Alianza na harusi za watu. Siku moja akaja amesimama mlangoni, macho yanawaka.

"Bibi, natengeneza filamu. Wasafiri wa angani. Chombo chao kinapata ajali, wanaangukia sayari wasiyoijua. Hawajui wako wapi."

Nikamuuliza, "Na wewe unajua uko wapi?"

"Kariakoo, Bibi."

"Basi umewazidi. Lete mchicha tuchambue."

Mama yake hakulichukua hivyo. Alikuja kutoka Ilala na pochi yake kwapani, hakukaa, hakunywa hata maji. Alikuwa amesikia kwamba mwanae ameomba ruhusa dukani kwa ajili ya picha. Ilikuwa pia imetangazwa kwamba vijana wa mjini wanaandaa jioni ya kuonyesha filamu fupi pale viwanja vya Mnazi Mmoja, kitambaa cheupe na spika kubwa, kila mtu anaingia bure, na mjukuu wangu ameshaahidi kupeleka yake.

"Sawa," binti yangu akamwambia. "Peleka. Watu wakikaa mpaka mwisho, sitakugusa tena, tengeneza filamu mpaka uzeeke. Lakini wakiondoka wakakuachia uwanja, au ukishindwa kuimaliza, unapanda basi la Masasi kwa baba yako mdogo ukamsaidie duka. Na hiyo simu unaniachia mimi."

"Nimekubali, mama."

"Umekubali mbele ya bibi yako."

Mimi nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nikaendelea kukuna. Mama akishasema na mwanae, bibi hana cha kuongeza.

Basi nyumba ikageuka karakana. Kofia za angani zilikuwa kawa za plastiki, zile za kufunikia chakula nzi wasitue, tena zangu. Nguo zilikuwa yale mapazia ya kung'aa wanayouza barabarani ya kuzuia jua kwenye kioo cha gari, wakayashona na kuyakata mabega. Kwa mafundi wa televisheni aliokota rimoti mbovu gunia zima, akazibandika ukutani kwenye korido, na juu yake akazungusha taa za harusi zinazowaka na kuzima. Nilipowasha mara ya kwanza nikakuta korido yangu inapepesa macho, nilisimama. Nimeishi kwenye nyumba hii miaka mingi sana na sikuwahi kuiona imependeza vile. Sikumwambia. Nilimwambia aangalie umeme usije ukakatika mwezi haujaisha.

Nahodha alikuwa awe kijana mmoja mbeba mizigo, mrefu, ana kifua. Jumamosi akapata safari ya lori kwenda Tunduma, akaondoka bila hata kuaga. Jumapili asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kupiga picha, kwa sababu Jumapili asubuhi ndiyo wakati pekee Kariakoo inanyamaza kidogo. Siku nyingine yule muuza dawa ya mende ameshafungulia kipaza sauti chake kinachorudia neno lile lile mpaka hata mende wanajua bei. Mjukuu wangu akakaa kwenye kizingiti, kichwa mikononi. Wenzake wawili wa dukani wamesimama na nguo zao za kung'aa, mmoja mnene mcheshi, mmoja mwembamba anayejua kulia akiambiwa alie.

Nikamuuliza, "Huyo nahodha anatakiwa aweje?"

"Mkali, Bibi. Hacheki. Akiongea watu wananyamaza."

Kutoka uani ikaja sauti ya mpangaji wangu, mama anayekaanga mihogo, naye kila kinachosemwa ndani ya nyumba ile ni lazima akijibu: "Sasa si mnaye hapo amekaa!"

Nikavishwa. Mabega yalibana, kawa ikanikaa vizuri, viatu vya angani havikuniingia, nikabaki na ndala zangu. Mjukuu akasema miguu haitaonekana.

Tukaanguka sasa! Mjukuu anashika simu anaitikisa, anapiga kelele, "Kushoto!" na sisi sote tunajirusha kushoto, "Kulia!" tunajirusha kulia, taa zinapepesa, yule mnene ananiangukia, mwembamba ameshalia kabla hajaambiwa. Nikapiga kelele kama nahodha, "Shikeni kamba! Shikeni kamba!" Kamba hazikuwepo. Nilipiga kelele sijui zilitoka wapi, na kwa dakika ile niliona kabisa ardhi inakuja. Mama mihogo akatoka uani mbio na mwiko mkononi.

"Jamani, nyumba inaanguka?"

"Chombo!" nikamjibu. "Rudi kwenye mihogo yako!"

Tulipokwishaanguka, mjukuu akatueleza kinachofuata. Tunaamka kwenye moshi, tunakimbilia mitambo, mmoja anabonyeza, mmoja anasema hatujui tuko wapi, wanagombana ni kosa la nani.

Nikamwambia, "Hapana."

"Hapana nini, Bibi?"

"Watu wameanguka, wanaanza na rimoti? Kwanza nani mzima, nani ameumia. Halafu maji. Halafu ndiyo mtatoka nje mkaulize."

"Mkamuulize nani? Ni sayari, Bibi."

"Yeyote mtakayemkuta."

Mimi jambo hilo ninalijua kwa miguu yangu. Nilikuja Dar es Salaam kutoka kusini baada ya mume wangu kufariki, mama yake huyu mgongoni, gari likatushusha mahali nisipopajua, watu wanapita kama maji. Sikujua jua linachomoza wapi. Nilikaa chini. Nikamtazama mtoto kidole kwa kidole kama ni mzima. Nikampa maji yeye kwanza, nikanywa mimi. Halafu nikasimama, nikaenda kwenye mlango uliokuwa karibu, nikapiga hodi. Hakuna aliyejibu. Nikapiga ya pili. Ya tatu, sauti ya mama mmoja ikatoka ndani: "Karibu, mbona unasimama juani na mtoto?" Nilikaa kwenye nyumba ile mpaka nikapata pa kwangu.

Basi wakapiga picha nilivyosema. Nikawagusa mmoja mmoja kichwani. Nikatoa kikombe kimoja cha bati, yule mwembamba akanywa kwanza kwa sababu ndiye mdogo, akafuata mnene, mimi mwisho. Niliona simu ya mjukuu imesogea karibu, na imesogea polepole.

Tukatoka uani. Uani ndiyo ilikuwa sayari; kulikuwa na rundo la mchanga wa fundi na stoo tupu, mlangoni limetundikwa shuka la zambarau. Humo ndimo walimokuwa wawe viumbe, wasichana wawili wa saluni wapakwe rangi ya kijani. Hawakuja. Walipata bibi harusi wa kumpamba, na huwezi kumwacha bibi harusi.

"Hamna neno," mjukuu akasema, ingawa sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nahodha anavuta pazia kwa nguvu, anaingia ndani. Tunaishia hapo."

"Nahodha anaingia wapi?"

"Ndani, Bibi."

"Kwa watu? Bila hodi?"

"Bibi, ni sayari ya ajabu! Viumbe wake hawana hata masikio!"

"Masikio hawana, mlango wanao. Mwenye mlango anapigiwa hodi."

"Na wasipojibu?"

"Mara ya tatu wasipojibu, tunarudi."

"Mnarudi wapi? Chombo kimevunjika, hewa imekwisha! Mkirudi mnakufa!"

"Tutakufa na adabu zetu."

Yule mnene akaanza kucheka ndani ya kawa yake. Nikamtazama akaacha. Mjukuu akaona ni mimi na si mbeba mizigo, akainua simu. "Haya. Hodi. Anza."

Nikasimama mbele ya pazia. Nikasema, "Hodi!"

"Karibuuu!" mama mihogo akaitika kutoka jikoni.

"Kata! Mama mihogo, jamani! Hakuna mtu humu, ni sayari!"

"Samahani, mwanangu. Imenitoka."

Tukaanza upya. Nikapiga ya kwanza, kimya. Nikapiga ya pili. "Karibu, pita tu! Ala!" Tukasikia mwiko umeanguka. "Si mmesema hodi, jamani? Mtu akisema hodi mimi nifanye nini?"

"Unyamaze!" mjukuu akasema.

"Kwa hiyo mtu yuko mlangoni mimi ninyamaze kama mchawi?"

Mara ya tatu akajijaza muhogo mdomoni ili asiweze. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kutoka jikoni ikaja, "Ahibuu," na mimi nikiwa nimeshakaribishwa nikainama, nikavua ndala zangu, nikaziweka upande, nikanyanyua pazia nikaingia.

"Bibi! Mbona unavua viatu?"

"Nimekaribishwa," nikamjibu kutoka ndani ya stoo.

Yule mnene alikaa kwenye mchanga akalia kwa kicheko. Mwembamba akavua kawa apate hewa. Hata mjukuu alicheka, kicheko cha mtu mwenye homa, akakiacha ghafla, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na barabarani nilisikia muuzaji wa kwanza anajaribu kipaza sauti.

Mwishowe tukamtuma mama mihogo akanunue mafuta, na mafuta alikuwa nayo. Tukapiga picha kwa kimya chenyewe. Hodi. Hodi. Hodi. Nikasubiri kama mtu anavyosubiri mlangoni kwa watu. Pazia halikutikisika. Nikageuka, nikawaongoza wenzangu kurudi kwenye chombo chetu kilichovunjika, bila kuangalia nyuma.

Mjukuu akashusha simu, machozi yanamtoka.

"Ndiyo filamu yangu hiyo," akasema. "Watu wanaanguka, wanafika mlangoni, wanarudi kufa. Nani atakaa mpaka mwisho? Nani, Bibi?"

Pole za haraka haraka mimi sizijui. Nilimwambia avae kitu kichwani jua lisimuumize.

Siku zilizofuata alijifungia na simu yake. Nilimuuliza ameimalizaje. Akasema, "Utaona." Nikamuuliza nahodha anaingia au haingii. Akasema, "Bibi, utaona." Nikamwambia akiniingiza kwenye nyumba ya watu bila kukaribishwa, mbele ya mji mzima, aende Masasi mwenyewe kabla mama yake hajampeleka. Akatikisa kichwa.

Jioni yenyewe Mnazi Mmoja ilijaa. Waliokuwa wanatoka kuswali magharibi walisimama, machinga wakaweka mabegi yao chini wakayakalia, kina mama wa Magomeni walikuja na mikeka na watoto. Nilikuwa nimevaa kanga mpya. Binti yangu alikaa pembeni yangu, pochi mapajani, kama mtu anayesubiri basi litangazwe. Mjukuu hakukaa. Alisimama nyuma kwenye mashine ya kuonyeshea.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mapenzi. Wapenzi walitazamana, wakatazamana tena. Mtu akapaza sauti, "Oaneni basi, sisi tuna safari!" Watu wakaanza kunyanyuka. Ya pili ikawa na giza, huoni kitu, wakanyanyuka wengine. Binti yangu alifungua pochi, akaifunga.

Halafu korido yangu ikatokea, kubwa kama barabara, inapepesa.

"Oya, hizo si kawa?" kijana mmoja wa mbele akapiga kelele. "Wali uko wapi?"

Kicheko kikapita uwanja mzima. Nikageuka nikamwona mjukuu amejikunyata. Chombo kikaanza kuanguka, kushoto, kulia, na nahodha anapiga kelele, "Shikeni kamba!" Kicheko kikaongezeka, lakini kilikuwa kicheko kingine sasa, na watoto kwenye mikeka walikuwa wanajirusha nao kushoto na kulia. Waliokuwa wanaondoka wakasimama waone kunani.

Kikafuata kikombe cha bati. Nahodha anagusa vichwa, anampa mdogo kwanza. Uwanja ukatulia. Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Anywe na yeye, bibi wa watu." Nilipokunywa, akashusha pumzi.

Tukatoka kwenye sayari. Mjukuu alikuwa ameigeuza rangi, mchanga wa fundi umekuwa mwekundu, ghorofa za Kariakoo juu ya ukuta zimekuwa milima. Pazia la zambarau. Na mimi mbele yake, uso wangu mkubwa kuliko nyumba.

"Hodi!" nikasema kwenye kitambaa.

Kimya. Sauti zote alikuwa amezikata, hata upepo. Pembeni watu wachache walikuwa wameshabeba mabegi begani. Mbele, mtoto mmoja akasema, "Karibu," mama yake akamwambia, "Shh."

"Hodi!"

Kimya tena. Sasa nikasikia huku na huku, kwa chini, "Karibu, karibu," kama watu wanajisemea wenyewe. Binti yangu alikuwa ameacha kushika pochi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa mkeka, nasubiri aibu yangu.

"Hodi!"

Na kimya kile kikakaa. Kikakaa, kikakaa, mjukuu wangu alikiacha kirefu hata kikauma, nahodha amesimama tu mlangoni na wenzake wawili nyuma yake. Na uwanja ukashindwa kuvumilia.

"Karibuuu!"

Mikeka yote. Machinga kwenye mabegi. Waliosimama barabarani na wasiojua hata kinachoonyeshwa. Yule kijana wa wali aliinuka na mikono juu: "Karibu nahodha! Pita ndani!" Sauti ilipanda mpaka nadhani Ilala waliisikia. Na pale pale, kama aliyewasikia, nahodha akainama, akavua ndala zake, akaziweka upande, akanyanyua pazia, akaingia.

Sijawahi kusikia watu wakifurahi vile. Waliruka! Walipigana mabega! Mama aliyekuwa nyuma yangu alinikumbatia, ndipo akaniona uso, akapiga ukelele, "Ni huyu! Ni huyu hapa!" Nikasalimiwa shikamoo na watu nisioweza kuwahesabu, nikaitika marahaba mpaka koo likakauka. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Hata waliokuwa na mabegi begani walikuwa nayo begani bado, wamesimama, wanacheka.

Mjukuu alikuja mbio akapiga magoti mbele yetu.

"Na wasingeitika?" nikamuuliza.

"Ningepanda basi, Bibi."

"Ulijuaje?"

"Mama mihogo alikuwa na muhogo mdomoni, bado akaitika."

Tukamgeukia mama yake. Alikuwa anakunja mkeka, na anaukunja vibaya, upande mmoja umezidi.

"Mama," mjukuu akasema. "Walikaa?"

"Nimeitika mimi mwenyewe," binti yangu akajibu, macho kwenye mkeka. "Kwa sauti. Sasa nitasemaje?" Akauweka kwapani. "Kesho uje Ilala uchukue ile meza ya baba yako. Huwezi kukata picha umekaa kitandani, utapinda mgongo."

Mjukuu akaweka kichwa magotini kwangu akalia, na safari hii nilimwacha alie.

Ugomvi uliobaki ni wa mama mihogo. Hajanisamehe mpaka leo. Anasema kwenye sayari ile wa kwanza kukaribisha watu alikuwa yeye, na sauti yake ikakatwa, sifa wakapewa watu wa Mnazi Mmoja. Kila asubuhi nikipita jikoni kwake nasema hodi, naye ananuna kwanza, anageuza mihogo yake, halafu inamtoka.